Makumbusho: Nyumba ya Amana au Kaburi la Vitu?

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha niliitwa katika nyumba moja hapa Chang'ombe, si mbali na Maduka Mawili, nikatoe nasaha. Nilidhani ni mambo ya mirathi au talaka, kwani hayo ndiyo yanayotufanya sisi walimu wa madrasa tuitwe usiku. Kumbe ni msahafu.

Bibi wa nyumba ile amekwisha pita miaka 80. Ndani ya kasha lake, chini ya kanga za akiba, anao msahafu ulioandikwa kwa mkono, maandishi kwa wino mweusi na alama za juzuu kwa wino mwekundu. Mwisho wake mwandishi amejitaja jina, akaomba dua ya wasomaji, akasema kwamba ameumaliza mwezi wa Rajabu mwaka 1271 Hijria, huko Kilwa Kivinje. Kwa hesabu ya Miladia ni mwaka 1855. Mwandishi huyo ni baba wa babu yake. Sasa mgeni mmoja, aliyevaa vizuri na mwenye maneno laini, amekuja mara mbili kuutaka kwa fedha, na mara ya pili ameongeza bei.

Mtoto mdogo wa bibi, mtu mzima mwenye watoto wake, alisema uuzwe, nyumba ipauliwe upya, maana mchwa watauzima bure na hakuna atakayepata kitu. Mjukuu, anayesoma katika chuo cha elimu hapa hapa Chang'ombe, alisema haifai kuuzwa. Upelekwe Makumbusho ya Taifa, ukawekwe ndani ya kioo, watu wote wauone. Bibi alinyamaza mpaka wote wakamaliza, kisha akanielekea mimi.

"Mwalimu, huko makumbusho mtausoma?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba muda wa wiki moja. Makala hii ndiyo niliyoyatafuta katika wiki ile.

Tuanze na neno lenyewe. Lugha yetu imelipa jengo hili jina lenye heshima kubwa kuliko walilonalo wenyewe waliolianzisha. Makumbusho ni mahali pa kukumbushwa, na kukumbusha ni kazi ya Mitume. Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi, tutazame mwisho wa waliotutangulia, magofu yao na visima vyao vilivyoachwa. Kwa hiyo Mwislamu hana sababu ya kuikimbia nyumba ya namna hii. Lakini hapa Dar es Salaam mambo yamekuwa ya kuchekesha kidogo. Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa miaka ya 1960 kando ya barabara ya Bagamoyo, kikajengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu. Mtaa ukachukua jina, na kituo cha daladala kikachukua jina. Leo makonda wanaliita neno "Makumbusho" kutwa, watu wanashuka na kupanda kwa maelfu, na asiyekumbuka chochote ni huyo huyo abiria.

Makumbusho Makuu yaliyoko mtaa wa Shaaban Robert yana historia ya kutafakari. Yalifunguliwa mwaka 1940 kuwa ukumbusho wa mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Yaani jengo la kwanza la kutukumbusha lilikuwa la kumkumbuka mtawala aliyetutawala. Hilo halikuwa jambo la bahati mbaya, ndiyo desturi ya nyumba hizi tangu asili yake. Makumbusho ya Uingereza kule London yaliasisiwa mwaka 1753 kwa mkusanyo wa tajiri mmoja tabibu. Louvre ya Paris ilifunguliwa kwa umma mwaka 1793, baada ya watu kumpindua mfalme na kuichukua nyumba yake na vitu vyake. Katika nchi zao makumbusho yalikuwa ni kumpa raia alichokuwa nacho mkubwa. Katika nchi zetu yalikuwa ni mkubwa kukusanya alichokuwa nacho raia. Tofauti hiyo ni kubwa, wala haikufutika kwa kubadilisha kibao cha mlangoni.

Baada ya uhuru, hatukatai, kazi ilifanyika. Mwaka 1963 jengo jipya lilifunguliwa, na mwaka 1965 fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, likaletwa nyumbani. (Maneno yanayosemwa juu ya fuvu hilo na asili ya binadamu yanataka makala yake, leo nayapita.) Katika miaka hii ya karibuni pameongezwa jengo kubwa, na mahali pote pakaitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Pana ukumbi wa maonyesho ya jukwaani, pana picha za wachoraji, na bustanini pana kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998, ambao wengi wao walikuwa watu wetu waliokuwa kazini kwao.

Mabadiliko hayo si ya kwetu peke yetu. Mwezi wa Agosti mwaka 2022 shirika la kimataifa la makumbusho lilikutana Prague, likakubali maana mpya ya neno hilo. Zamani iliyotiliwa nguvu ilikuwa kukusanya, kuhifadhi na kuonyesha. Sasa imeongezwa kwamba nyumba hiyo iwe wazi kwa watu wa kila namna, na jamii yenyewe ishiriki katika kazi zake. Ni maneno mazuri. Nimeyasoma mara nyingi, nikayapima kwa swali la bibi wa Chang'ombe, na hapo ndipo ninapoanza kuwa na lawama.

Lawama yangu ni kwamba makumbusho yamebadilika upande wa mgeni, hayajabadilika upande wa mwenye kitu. Wanaoyasimamia siku hizi wanajiuliza watamvutaje mtazamaji: muziki, tamthilia, mikutano, mahali pa kunywa chai. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini aliyetoa kitu, au aliyenyang'anywa, hali yake ni ile ile ya mwaka 1940. Kitu kikishaingia mlangoni kinapewa namba, na jina la mwenyewe mara nyingi linapotea. Panaandikwa jina la kabila, au la mji, au "pwani ya Afrika Mashariki" basi. Msahafu wa babu wa watu unakuwa mfano wa misahafu. Unafunuliwa ukurasa mmoja wenye nakshi nzuri kuliko zote, unafunikwa kioo, na kurasa nyingine zilizobaki zinanyamaza. Aliyeuandika aliomba dua kwa kila atakayesoma, na sasa hakuna asomaye.

Wako masheikh ambao jibu lao ni jepesi: makumbusho ni nyumba za masanamu, tusiingie. Siafikiani nao. Hukumu ya picha na sanamu maulamaa wameieleza na kuitofautiana, na mwenye kutaka aisome kwa wenye elimu. Lakini sanaa ya pwani yetu kwa sehemu kubwa si sanamu hata kidogo. Ni mlango wa nakshi, ni kiti cha enzi, ni jahazi, ni ubao wa madrasa, ni hati. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la kibla, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni sanaa ambayo kila nyumba ya makumbusho duniani ingeitamani. Nayo iko pale pale, mbele ya imamu, na watu wanasali. Hakuna kioo wala mlinzi, na imekaa zaidi ya miaka 900.

Watu wa Kizimkazi hawakukihifadhi kitu hicho kwa kukiondoa katika kazi yake. Kazi yake ndiyo iliyokihifadhi. Makaburi ya Kunduchi, kaskazini mwa mji wetu, yalikuwa na nguzo zilizopambwa sahani na bakuli za Kichina; waliozika walipoondoka na ziara zikakatika, vyombo viling'olewa, na leo mtu aenda kutazama mashimo ya duara katika chokaa.

Lakini tusiwe wepesi wa kusema kwamba kila kitu kibaki kilipo. Mtoto wa bibi hakukosea kuwataja mchwa. Hati ngapi zimeliwa katika makasha ya pwani hii? Ngapi zimezikwa au kutupwa baharini kwa sababu warithi hawakujua kusoma herufi za Kiarabu, wakadhani kila karatasi ni Qur'ani iliyochakaa? J. W. T. Allen, Mwingereza aliyekipenda Kiswahili, alizunguka pwani miaka ya 1960 akikusanya hati za tenzi na habari za zamani kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Bila ya kazi ile mengi yangekuwa vumbi. Nasi tulikuwa wapi? Tulikuwa tukizifungia mafuta ya nazi.

Wala tusidhani kwamba nyumba ya serikali ni salama kwa kuwa ina kufuli. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa ndiyo makumbusho makubwa ya Unguja, na yenyewe ilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote vilivyokuwamo. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati unaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Nani leo atamwambia bibi kwamba kasha lake ni la hatari kuliko jengo lile?

Liko jambo zito zaidi, nalo ni la makumbusho ya ng'ambo. Kule Berlin umesimamishwa mnyama mkubwa wa kale, mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoa wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikachukuliwa na watu wetu vichwani mpaka bandarini. Huyo ni mnyama. Lakini Wajerumani walichukua pia vichwa vya watu. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa mwezi wa Machi mwaka 1900, na ukoo wake unakitafuta kichwa chake mpaka leo. Huko Songea, ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa mwaka 1906 katika vita vya Majimaji, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja mwenyewe tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi, nao ukoo wa Songea Mbano wakangoja kuambiwa kiliko kichwa cha babu yao. Mtume wetu (S.A.W.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita. Basi itakuwaje heshima ya maiti aliyewekwa katika sanduku la karatasi, kwa namba, zaidi ya miaka 100, awe Mwislamu au asiwe? Hapa sisemi kwamba makumbusho yabadilike. Hapa nasema maiti arudishwe azikwe, kisha ndipo tuzungumze juu ya sanaa.

Nirudi kwenye msahafu. Nilipokuwa nikisoma mambo haya, niliona kwamba sisi Waislamu tunayo elimu ambayo wakubwa wa makumbusho wanaitafuta kwa tochi. Fikihi yetu imetofautisha, tangu zamani sana, njia za kumkabidhi mtu mwingine kitu chako. Ukimpa hiba, kimekwisha kuwa chake. Ukimwekea wadia, ni amana: atakitunza, hatakitumia, na siku utakayokitaka atakurudishia. Ukimpa ariya, umemwazima: atanufaika nacho kisha akirudishe. Na ukikiweka wakfu, hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Manufaa yake yanaendelea kwa watu uliowakusudia, na msimamizi hana ruhusa ya kulipindua sharti lako.

Makumbusho kwa kawaida hupenda hiba, na mtoaji hapewi nafasi ya kujua kwamba ziko njia nyingine. Na mtu wa kwetu, akiitwa mbele ya meza na karatasi, huweka sahihi au dole gumba, akarudi nyumbani akidhani ameweka amana. Miaka 10 ikipita mjukuu anakwenda kutazama kitu cha babu, anaambiwa kimo stoo, njoo na barua.

Kwa kweli nyumba ya makumbusho inafanana sana na wakfu: vitu vyake haviuzwi, na msimamizi wake si mwenyewe. Kinachopungua ni kile ambacho kwetu ndicho roho ya wakfu, yaani manufaa aliyoyakusudia mtoaji. Wakfu wa kisima ni watu wanywe, siyo kisima kitazamwe. Siwa ya pembe ya Pate imo katika makumbusho ya Lamu, na ni katika kazi bora kabisa za mikono ya Waswahili. Ilifanywa ipigwe. Katika miji ile siwa zilipigwa siku kubwa, harusi za waungwana na mambo ya enzi, na sauti yake ndiyo iliyokuwa hoja. Mtazamaji wa leo anaona umbo, hasikii kitu. Sitaki mtu aipulize pembe ya karne tatu mpaka ipasuke. Nataka tu makumbusho yakiri kwamba yanaonyesha nusu.

Je, yako mahali walikofanya vizuri zaidi? Yako. Kasri ya Topkapi kule Istanbul ilifanywa makumbusho mwaka 1924, na ndani yake mna joho linalonasibishwa na Mtume (S.A.W.). Wageni wa dini zote wanapita, nao wanakuta msomaji ameketi anasoma Qur'ani katika chumba kile. Na karibu zaidi nasi, msikiti wa Riyadha wa Lamu, alioasisi Habib Swaleh, unazo hati nyingi za kale. Katika miaka ya 2010 na kitu, hati zile zilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa mpango uliosaidiwa na Maktaba ya Uingereza. Picha zinasomwa na mwanafunzi wa Oslo na wa Jakarta. Karatasi zenyewe zimebaki Lamu, msikitini, mikononi mwa wenyewe. Safari hii aliyesafiri ni kivuli, mwenyewe amebaki nyumbani. Miaka 100 nyuma ingekuwa kinyume chake.

Kati ya mwaka 2017 na 2019 maonyesho makubwa ya sanaa ya Waswahili yalizunguka Marekani, Illinois, Washington na Los Angeles, na vitu kutoka makumbusho ya Kenya na ya Oman viliazimwa kwa kazi hiyo, kisha kurudi. Hiyo ni ariya. Kumbe Wamarekani wanaweza kuazima kwa mkataba, kwa bima, na kwa tarehe ya kurudisha. Basi kwa nini bibi wa Chang'ombe asipewe mkataba wa namna hiyo hiyo? Au azima ni kwa nyumba kubwa kwa nyumba kubwa, na mtu wa kibanda cha bati atoe hiba?

Na huyo mgeni mwenye maneno laini? Kwa huyo nilikuwa na jibu siku ile ile. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakilinda kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na imeitaja hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Wala vitu hivyo havitolewi nje ya nchi bila kibali. Msahafu wa mwaka 1855 umo. Nilimwambia mtoto wa bibi, tena mbele ya watu, kwamba fedha ile ingeweza kumpaulia nyumba na kumpeleka mahakamani kwa pamoja. Akacheka, lakini alinielewa. Sikumlaumu sana. Pale Keko, hatua chache kutoka kwao, maseremala wanachonga milango mipya kwa jasho, na haipati bei ya mlango mmoja wa kale uliong'olewa ukapita bandarini kimya kimya. Mtu akiona hivyo, moyo wake hutikisika.

Wiki ilipokwisha nilirudi. Nilimweleza bibi zile njia nne, hiba, wadia, ariya na wakfu, kwa Kiswahili chepesi, naye alizifahamu upesi kuliko mjukuu wake wa chuo. Nilimwambia kwamba makumbusho ya mjini si maadui, yana watu wenye elimu ya kutunza karatasi, na kwamba angeweza kwenda kuwauliza kama watakubali amana yenye sharti la kusomwa. Aliuliza kama msharutishaji akifa sharti linakufa. Nikamwambia katika wakfu halifi. Akasema, "Basi mimi nataka la wakfu. Lakini niwekee kwa mdomo kwanza, nikiwa hai nausoma mwenyewe."

Tukashuhudia watu wanne: ni wakfu wa ukoo wake na wa madrasa ya mtaa, usomwe kila Rajabu, usiuzwe, na ukizidi kuchakaa uazimwe kwa makumbusho kwa maandishi, kwa jina la mwandishi wake na la mji wake. Mjukuu aliandika hayo katika daftari, bibi akatia dole. Tulimwagiza autoe katika mfuko wa plastiki, aufunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, na kasha liinuliwe juu ya matofali mbali na ukuta wa jikoni.

Asubuhi ya Jumapili mjukuu alikuja na simu yake na mwenzake mmoja. Walitandika mkeka karibu na dirisha, palipo na mwanga bila ya jua. Bibi alitia udhu, akaketi, akawa ndiye anayefunua kurasa, na kila alipofunua alisoma mstari wa kwanza kabla ya kuwaruhusu wapige picha. Kwa hiyo kazi ilikwenda polepole sana. Adhuhuri ilipoadhiniwa walikuwa bado hawajatoka katika Suratul Baqara.